Nyekundu kwa Nyekundu

Fundi wa maabara wa shule yetu tulimwita Koleo, na jina alilikubali kwa sababu hakuwa na nguvu za kulikataa. Miaka thelathini na moja alikuwa akitengeneza vitu vilivyoharibiwa na watoto wa wenzake. Goti la kulia lilimsumbua, na macho nayo yalidai miwani mingine juu ya ile aliyokuwa nayo. Mimi nafundisha hesabu chumba cha pili, basi nilimwona kila siku akizidi kuchakaa.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, wasichana wanne walimwomba awasimamie kwenye mashindano ya roboti. Timu zetu zilikuwa zimetolewa raundi ya kwanza miaka sita mfululizo. Alitaka kuiona roboti ya shule ikiingia fainali, mara moja tu, kisha aende zake. Aliniambia hivyo huku akiona haya, kama mtu mzima anayeomba kuongezewa nyama.

Roboti ilitakiwa itembee juu ya meza, iokote makopo matatu na kuyatia ndani ya boksi. Mkono wa kuokotea waliuchora upya mara kumi na moja. Wa kwanza ulikuwa mzito, roboti ikasujudu. Wa nne uliponda kopo. Wa kumi na moja, uliokatwa kwenye ndoo iliyopasuka na kuvishwa vipande vya mpira wa baiskeli, ulishika. Programu aliiandika nahodha wao, binti mwenye mdomo usiojua likizo.

"Babu, wewe kaa na skrubu zako," alimwambia. "Kompyuta tuachie sisi, utaumia bure."

Sheria ilikuwa moja: mtu mzima aelekeze kwa mdomo tu. Akiigusa roboti, timu inatolewa.

Mchana wa siku moja kabla ya mashindano, wasichana wakiwa darasani, Koleo alikuwa akitafuta katoni ya kupakia roboti. Akaona nyaya za mota ya kushoto zimepishana, nyekundu imeingia kwenye nyeusi. Mtu aliyechoka hafikiri, mikono ndiyo hufikiri badala yake. Akachukua bisibisi, akarudisha nyekundu kwa nyekundu, akazifunga kwa uzi na kukata ncha zake vizuri.

Hakujua kwamba nahodha alikuwa ameshaliona kosa lile, na badala ya kuhangaika na skrubu akalisahihisha kwenye programu kwa kuigeuza mota ile. Makosa mawili yalikuwa yamepatana, Koleo akaondoa moja. Asubuhi hawakuijaribu, wakitunza betri.

Mzunguko wa kwanza, gurudumu moja lilikwenda mbele, jingine likarudi nyuma. Roboti ikazunguka papo hapo, ukumbi mzima ukacheka.

"Ni mimi," Koleo alininong'oneza kule juu jukwaani tulikokaa. "Niligusa nyaya."

Nilimshika mkono wa shati asisimame. Kule chini nahodha alifungua kifuniko, akaona ule uzi uliokatwa vizuri, akainua macho kututazama mara moja tu. Kisha akaandika kitu kwenye kompyuta. Mzunguko wa pili makopo yote matatu yaliingia boksini.

"Mara ya kwanza kulitokea nini?" mwamuzi aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nilikosea nyaya," nahodha alijibu. "Uzembe wangu."

Majina yakasomwa. Wetu walikuwa wa mwisho kuingia fainali, lakini waliingia. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, sioni haya kusema. Koleo hakupiga. Alisimama, akaanza kushuka ngazi moja moja, mkono ukutani. Nikamfuata. Nahodha alitukuta chini, wenzake watatu nyuma yake.

"Babu, tumeshaingia. Usiseme kitu, tafadhali."

"Niligusa, mwanangu."

"Tunajua. Tumekubaliana sote wanne."

"Nani aliwaambia mkubaliane?"

"Hakuna. Tulitaka uione fainali."

Koleo alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Sijawahi kumwona amechoka vile.

"Nimeiona," alisema. "Hii nyingine, ya wewe kuitwa mzembe kwa ajili yangu, siwezi kurudi nayo nyumbani."

Nilimwambia asubiri, tushauriane. Nilikuwa upande wa watoto, na hadi leo sijui kama nilikosea. Yeye alikwishageuka. Akaelekea kwenye meza ya waamuzi, na wasichana wote wanne wakaanza kulia kabla hajafika.