Shavu la Ewald Pütz na Nyembe Mbili

Ewald Pütz alikuwa fundi wa kupachika vipini vya nyembe, kama baba yake na babu yake, katika nyumba ya mbao juu ya bonde la Mto Wupper, upande wa Solingen. Kazi hiyo aliifanya vizuri, wala hapakuwa na aliyemsifu kwayo. Sifa yake ilitokana na kitu ambacho hakukifanyia kazi hata siku moja, yaani ndevu. Zilikuwa nyekundu, ngumu kama brashi ya kusugulia sakafu, nazo zilimwota tangu miaka kumi na sita kwa bidii ambayo mwalimu wake hakupata kuiona katika hesabu.

Kila Jumamosi alasiri wanoaji walipanda kutoka kwenye vinu vyao vya maji wakimletea nyembe mpya azijaribu. Alijinyoa bila kioo, taratibu, kisha akatoa hukumu: huu uliachwa ukapata moto jiweni, makali yake yatamomonyoka kabla ya Krismasi; ule mwingine chuma chake ni kizuri, ila mkono ulioushika ulikuwa na haraka ya kwenda kunywa bia. Hakukosea. Wanoaji waliliamini shavu lake kuliko walivyomwamini mchungaji, lakini mezani kwao hawakumkaribisha. Mnoaji alijiona bwana wa chuma. Mpachika vipini, kwa maoni yake, alikuwa mtu wa kuuvalisha wembe nguo.

Hiyo ndiyo sababu mambo yalikuwa magumu Ewald alipotaka kumwoa Hulda Melcher. Hulda ndiye aliyezipeleka kiwandani nyembe za baba yake, akipanda kilima na kapu kichwani, na njiani alikuwa na desturi ya kupumzika mlangoni pa Ewald kwa muda mrefu kuliko uzito wa kapu ulivyodai. Baba yake, Gustav, alikuwa mnoaji wa nyembe nyembamba kuliko zote bondeni. Alitumia chuma cha Uswidi tu, akakichimba kwa jiwe pande zote mbili hata ubapa ukawa kama karatasi. Ukiulaza makali juu ya ukucha wa dole gumba, ulibonyea na kurudi.

Jirani yake kinuni, Artur Stamm, alikuwa na maoni mengine. Alirithi kwa babu yake vipande vya chuma cha Kiingereza, na kwa chuma hicho alitengeneza nyembe nene, zenye umbo la kabari, ambazo Gustav aliziita mashoka ya wanasesere. Kukisifu chuma cha Kiingereza mjini Solingen ni sawa na kumsifu mke wa jirani mbele ya mkeo, lakini Artur alikisifu kila siku, na kwa sauti kubwa, kwa kuwa wote wawili walikuwa nusu viziwi kwa ngurumo za mawe ya kunolea.

Mwezi Februari mwaka 1926 Ewald alivaa koti la kanisani, akaenda kumposa Hulda. Gustav alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba Jumapili atawekewa nyembe mbili, wake na wa Artur, naye atazijaribu akiwa amefungwa macho, shavu moja kwa kila wembe.

"Shavu lako likinipa haki, tutazungumza habari za Hulda," alisema. "Lisiponipa, rudi kwenye vipini vyako."

Jumapili ikafika. Kwa kuwa Ewald angevitambua vipini vyake hata gizani, Hulda alivizungushia kitambaa, akamfunga macho kwa leso, akampaka povu. Wazee wawili, Gustav na Artur, walikaa wakitafuna mkate mweusi wenye soseji na vitunguu.

Jambo ambalo wazee hawakulifikiria ni uzito. Wembe wa Gustav ulikuwa mwepesi kama unyoya, tena uliimba ulipopita juu ya ngozi, mlio mwembamba ambao watu wote wa bonde wangeusikia isipokuwa hao wawili. Ewald aliutambua kabla haujafika kidevuni. Hulda alijua kwamba ameutambua. Ewald alichotakiwa kufanya ni kusema neno moja la uongo, akapata mke.

Alimaliza mashavu yote mawili, akayapapasa.

"Wa kulia, Fundi Melcher," alisema. "Ule mzito."

Artur alitabasamu hadi kipande cha kitunguu kikamtoka. Gustav aliinuka akatangaza kwamba habari za Hulda zimekwisha. Ewald alivua leso, akaeleza kwa unyofu kwamba kasoro haikuwa ya wembe. Ubapa mwembamba hivyo ukikutana na ndevu kama zake hutetemeka, kama farasi wa mashindano aliyefungwa mkokoteni wa makaa. Juu ya ndevu laini usingekuwa na mfano.

"Ndevu laini ziko wapi?" akauliza Gustav.

"Unazo wewe, mzee," akasema Artur. "Umezifuga miaka thelathini na mitano. Wembe wako umewanyoa watu hadi Amerika, wewe mwenyewe hujui hata ladha yake. Ni sawa na mpishi anayekula kwa jirani."

"Mimi siogopi wembe wangu."

"Basi kaa."

Gustav akakaa. Lakini hakujua kujinyoa, na hakumruhusu Artur amkaribie, kwa hiyo Hulda alimkatia ndevu kwa mkasi, akampaka povu, akampa Ewald ule wembe mwepesi. Ewald alianza chini ya sikio. Wembe ulipita kwa wimbo safi kabisa. Alipofika kooni, Hulda aliinama kwenye sikio la baba yake lililo zima.

"Baba, Ewald amesema kweli wakati uongo ungemfaa. Mimi nitaolewa naye mwezi wa tano. Kama unakataa, sema sasa. Kama unakubali, nyamaza."

Ewald aliganda, wembe ukiwa juu ya koo la mkwewe mtarajiwa. Gustav alizungusha macho, akamtazama binti yake, akamtazama Artur, akautazama mkono wa Ewald. Hakumeza hata mate.

"Asante, Baba," akasema Hulda. "Endelea, Ewald."

Baada ya kufutwa povu, Gustav alijipapasa kidevu, ambacho kilikuwa kidogo kuliko ilivyodhaniwa, akatamka kwamba wembe ule hauna mfano duniani. Kisha akadai kwamba ule ukimya haukuwa halali. Artur alijibu kwamba katika miaka thelathini ya kukaa kinu kimoja hakuwahi kumsikia Gustav akinyamaza muda mrefu kiasi kile, na kwamba hata kanisani ukimya huo ungehesabiwa kuwa kiapo.

Walioana mwezi wa tano. Ewald alimnyoa mkwewe kila Jumamosi kwa ule wembe mwembamba, na yeye mwenyewe alitumia kabari ya Artur, ambayo kwa heshima aliificha nyuma ya kuni. Kila mara aliukuta wembe huo ukiwa mkali kuliko alivyouacha. Alimshukuru Hulda kwa hilo kwa muda wa mwaka mzima, mpaka alipomkuta Gustav nyuma ya kuni, ameukunjua ule wembe wa Kiingereza juu ya jiwe la maji, akiunoa huku akiutukana.