Sauti ya Kaka Kwenye Mkanda

Sauti ya kike inayoitikia katika ule wimbo wa bendi ya kaka ni yangu. Niliikana kwa miaka mingi, tena kwa ufundi. Nilipokuwa chuo kikuu niliwahi hata kuandika insha kuhusu muziki wa mji wetu, nikatia humo kwa mkono wangu mwenyewe: mwimbaji wa kike hajulikani. Profesa aliisifu sentensi hiyo. Alisema inaonyesha uangalifu wa mtafiti.

Vitabu vya historia ya muziki huhesabu siku gitaa la umeme lilipofika katika miji mikubwa. Mtaani kwetu Buyenzi lilifika kwa mikono ya kaka yangu, fundi wa gereji. Uhuru ulikuwa bado mchanga, wazee wengine bado wanauita mji kwa jina lake la kikoloni, Usumbura, na rumba ya Kongo ilikuwa ikitufikia kila jioni redioni. Kaka alichonga gitaa lake kwa mbao za kitanda. Nyuzi alizipata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, na kikuza sauti alikiunda kwa redio iliyotolewa katika lori lililokufa. Lilipowashwa, kuku wa jirani walihama.

Aliunda bendi na mafundi wenzake, na redio ya taifa ikawaita kurekodi. Walikosa kitu kimoja tu, msichana wa kuitikia. Mimi nilikuwa naimba kwenye harusi, upande wa wanawake, ambako hakuna mwanamume anayesikia, kwa hiyo hakuna dhambi. Kaka alinifuata jikoni.

"Utaimba ukiangalia ukuta," akasema. "Atakayekuona ni nani?"

"Na baba akisikia?"

"Baba atasikia sauti. Sauti haina sura."

Nilimwambia mama naenda kujifunza kushona. Nikajifunika mtandio, nikaimba nikitazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mtu wa redio alipouliza aandike jina gani kwa huyu binti, kaka akajibu, "Andika 'na wenzake'."

Wimbo ulipopigwa redioni mara ya kwanza baba alikuwa gerejini, mikono imejaa grisi. Akanyanyua kichwa.

"Uyu mutoto ana sauti," akawaambia wateja. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa hadhi mtaani. "Lakini wazazi wake awana haya."

Alikufa miaka michache baadaye, bado akiwasikitikia wazazi wale.

Mama hakudanganyika. Usiku ule ule alinisogelea tukiosha vyombo.

"Ni we."

"Apana, mama."

"We unaniona mi mujinga? Sauti iyo mi niliinyonyesha."

"Mama, si mimi." Mama akacheka, akaniachia. Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Wimbo ukipigwa yeye ananitazama, mimi natazama sufuria.

Mchezo uliisha miaka ya sabini ilipoanza, ulipokuja ule msimu wa watu kuitwa na serikali na kutorudi. Kaka alitoka asubuhi kwenda kuonana na mtu katika mtaa wa Rohero kuhusu gari. Alikuwa amevaa shati lake safi. Hatukumwona tena. Hatukuweka matanga, kwani kukusanya watu nyumbani siku zile kulikuwa ni kujitafutia macho, na mama hakutaka kumzika mtu ambaye hajamwona amelala. Jirani akiuliza, tulisema amesafiri. Mtaa mzima ulikuwa na wasafiri. Gitaa walilichukua watu waliokuja kupekua nyumba. Picha hakuwa nayo hata moja, maana kila alipopata pesa ya mpiga picha alinunua betri.

Na wimbo ukaacha kupigwa.

Mama alikaa na redio miezi na miezi. Aliihamisha kutoka sebuleni hadi kando ya mkeka wake wa kuswalia. Alisikiliza habari, mawaidha, matangazo ya vifo vya watu wengine. Mwishowe akaniambia, bila kunitazama, "Nimeanza kumusahau sauti. Uso ninao. Sauti inaenda."

Mimi, sasa mwalimu mwenye shahada ukutani, nikavaa viatu.

Tukaenda redioni pamoja. Kijana aliyekuwa akitunza mikanda alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema utaratibu haumruhusu kumtafutia mkanda mtu yeyote, isipokuwa mmoja wa walioimba.

"Mama ni mzazi wa mwimbaji," nikasema.

"Naelewa, dada. Lakini aliyeimba mwenyewe yuko wapi?"

Mama akanitazama mimi. Asingeweza kusema amesafiri. Asingeweza kusema lile lingine.

"Ni mimi," nikasema. "Ile sauti ya kike ni mimi."

Kijana akanikagua, mwalimu wa miwani na mkoba. Akaniomba niimbe kidogo, apate kuamini. Nikaimba palepale mbele ya meza yake, safari hii bila ukuta, na mama akaangalia sakafu. Hakusema, "Nilikuambia." Angesema, ningefarijika.

Nyumbani hatukuwa na simu. Tuliacha namba ya mwenye duka la vipuri ng'ambo ya barabara, naye siku ya simu alituita kwa kupiga honi ya gari alilokuwa akilitengeneza. Mama alifika kabla yangu, kiatu kimoja mkononi.

"Mkanda nimeupata, dada," kijana akasema. "Boksi lina jina la bendi. Lakini ndani..." Akasita. "Mikanda ni michache. Huwa tunafuta, tunarekodi juu yake."

"Kuna nini ndani?"

"Hotuba. Ya kilimo cha pamba."

"Yote?"

"Nimeusikiliza wote, dada. Yote."

Mama alikuwa ameshaisoma simu usoni mwangu. Akaninyang'anya mkono wa simu.

"Mwanangu, mi ni mama yake. Iyo otuba iko hapo karibu?"

"Iko kwenye mashine, mama."

"Basi iweke nisikie."

Kijana hakubisha. Nikasikia kwa mbali sauti nyembamba ya mwanamume akieleza umbali wa shimo hadi shimo, na wakati wa kupalilia. Mwenye duka alizima injini. Mama alisimama ameinama, simu imegandamizwa sikioni, sikio la pili amelifunika kwa kiganja. Aliisikiliza pamba ile tangu kupandwa hadi kuvunwa. Ilipokwisha alingoja kidogo, huenda mkanda umebakiza mwisho wa wimbo, halafu akamshukuru kijana na kumwombea kwa Mungu. Akanirudishia simu niikate mimi.