Mara Tisa kwa Mtoto wa Kilo Nne

Mwaka 2009 nilijifungia chooni hospitalini na mwanangu mikononi, nesi akigonga mlango kama polisi.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa nimechoka.

Herman alikuwa na miezi mitatu, kilo nne tu. Mimi na mume wangu Pascal tulimleta kwa pikipiki kutoka Endasak, kifua kimembana.

Wakamtoa damu. Sawa.

Mchana wakarudi. "Ile imeganda."

Jioni tena. "Haikutosha."

Kesho yake zamu nyingine, daktari mwingine, vipimo vilevile. Majibu? Hakuna. Ukiuliza, subiri.

Siku ya tatu mtoto hata kulia hawezi, anafungua mdomo tu. Viganja vyeupe. Nesi Mectilda huyo, na sindano ya kumi.

Nikasema leo hapana. Nikakimbia naye chooni.

"Nyie watu wa vijijini! Unadhani hiyo damu tunaiuza?" alifoka nje.

"Shikamoo nitakupa, nesi. Mkono wa mwanangu sikupi!"

Ndipo nikasikia sauti ya mwanaume, taratibu. "Mama Herman, mimi Mwita wa maabara. Ametolewa mara ngapi?"

"Tisa!"

Mwita akauliza tena.

"Kwa bomba la mililita ngapi?"

Nesi ndiye aliyejibu, sauti imeshuka. "La mililita tano."

Nikafungua. Mwita alikuwa anatoka jasho.

"Mama, mtoto wa kilo nne, damu yake yote haijai chupa ya soda. Kwa siku hatakiwi kutolewa zaidi ya mililita kumi, na akiwa mgonjwa ni chini ya hapo. Tumetoa arobaini na tano kwa siku tatu."

"Nani alikuwa anasema irudiwe?"

Akainama.

"Mimi. Naletewa chupa yenye namba ya kitanda. Nikiona haijafika mstari, naandika irudiwe. Sikuwahi kuja wodini kumwona."

Nililia kwa hasira. Huyu niliyemwona mkombozi, kumbe ndiye!

Siku hiyohiyo Herman akaongezewa damu. Ya nani? Ya Pascal. Baba anatolewa damu kufidia ile waliyommalizia mwanawe!

Mtoto alipona. Vipimo vilivyofuata Mwita alikuja mwenyewe, akachukua matone machache kisiginoni. Kumbe yalitosha.

Ndugu zangu, vipimo sikatai, vinaokoa. Ila mwanao akiletewa sindano, uliza: ana kilo ngapi, na leo ameshatolewa kiasi gani?

Wakikasirika, wakasirike.