Sura ya Mwisho Dunguni

Mtu akikwambia upweke hauna sauti, mwambie aende Majimoto mwezi wa tano, mpunga ukiwa unatia maziwa. Atamkuta mwanamume mzima yuko juu ya dungu lake la miti, anapiga makelele tangu alfajiri hadi jua linazama, na hakuna binadamu anayemjibu. Anafukuza ndege. Kwelea kwelea hawajui likizo. Ukishuka tu kwenda kujisaidia, unarudi unakuta masuke yamebaki makapi.

Mwaka 1996 Eustace alikuwa na miaka hamsini na miwili, na huo ulikuwa msimu wake wa tatu kulinda peke yake. Mkewe Imakulata alikuwa amefariki. Binti yao wa pekee, Verdiana, alikuwa ameolewa Mpanda mjini. Nyumba ya Eustace ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja alikuwa hakifungui. Jioni alijisongea ugali, akala, akaosha sahani moja. Sahani moja, jamani! Hiyo ndiyo iliyomuumiza kuliko kitanda.

Verdiana akamhurumia baba yake, akampa dereva wa lori kitabu amfikishie. Ilikuwa riwaya nene, jalada limechanika. Ilisimulia mji wa miaka ijayo ambako watu hawaruhusiwi kucheka bila kibali cha serikali. Karani anayegonga mihuri ya vibali anakutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Nani kamuua? Eustace, ambaye maisha yake yote alisoma vitabu vya kanisani na vipande vya magazeti vya kufungia sukari, akanasa.

Sasa, Eustace alikuwa msomaji wa masomo ya ibada kigangoni, na watu wa namna hiyo hawajui kusoma kimyakimya. Alipanda dunguni na kitabu chake, akakohoa, akaanza kwa sauti ile ile ya Jumapili. Ndege wakakoma! Sauti ya mauaji iliwafukuza kuliko debe la kugongwa.

Ng'ambo ya tuta kulikuwa na dungu la Generosa, mjane ambaye wote walimwita Mama Fabiani. Alikuwa analima shamba la marehemu mumewe kwa mara ya mwisho, maana mwanawe Fabiani, fundi seremala kule Sumbawanga, alikuwa amesema atakuja kumchukua mama yake akishavuna. Siku ya pili, Eustace alipofunga sura, akasikia sauti ya kike kutoka ng'ambo, ikiitikia kama waumini wanavyoitikia somo kanisani: "Tumshukuru Mungu!"

Eustace alicheka mpaka akashika nguzo. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini.

Basi ikawa desturi. Yeye anasoma, Mama Fabiani anasikiliza huku anarusha madongoa kwa kombeo. Nisiwafiche, riwaya hizi ni kama karanga za kukaanga, huwezi kula moja ukaacha. Kila sura inaishia mtu ameshika kitasa cha mlango, na wewe ulale na roho juu. Eustace alilala hivyo, na usingizi ukamjia vizuri kwa sababu kesho kulikuwa na jambo la kuamkia.

Lakini Mama Fabiani hakuwa mtu wa kusifia tu.

"Baba Verdiana," aliita siku moja, "huyo karani kazikwa na nani?"

"Hawajasema bado."

"Sura ya tisa hii! Mtu kafa sura ya kwanza, hakuna aliyelia mpaka leo? Hana mke, hana mama? Kwetu hapa tungekuwa tumeshaanua matanga. Huyo mwandishi wako anamtaka marehemu wa kutafutia muuaji tu."

Eustace akapekua mbele, akapekua nyuma. Kweli, hakukuwa na aliyelia. Akamkumbuka Imakulata, na siku hiyo hakuendelea kusoma.

Sura ya kumi na mbili ndiyo iliyoleta balaa. Mpelelezi anapanda ngazi gizani, na nyuma yake anasikia mtu akicheka. Hapo hata wewe ungeshusha sauti. Eustace akashusha, akawa ananong'ona. Mama Fabiani, hasikii kitu, akashuka dunguni kwake, akavuka tuta, akasimama chini ya dungu la Eustace ameinua kidevu. Wote wawili wakasahau kilichowaleta shambani. Walipozinduka, ndege walikuwa wametanda pande zote mbili za tuta.

"Wee! Wee! Tumekwisha!"

Wakakimbia, wakarusha matope, wakapiga mayowe. Pembe nzima ya kila shamba ilikuwa imeliwa. Mama Fabiani akakaa kwenye tope, akaanza kucheka. "Mpunga wa magunia mawili, Baba Verdiana! Kwa ajili ya ngazi!"

"Kibali chako cha kucheka kiko wapi?" Eustace akamtania.

"Kibali cha nini? Sisi shida yetu ni mtu wa kucheka naye."

Mama Fabiani akamtazama. Akaendelea kumtazama. Neno likamfika Eustace kooni, na alilijua neno lenyewe. Mwanamume mwingine angelisema pale pale, na tope lake miguuni. Lakini huyu bwana alikuwa ameharibiwa na kitabu. Akajiambia, jambo kubwa huwekwa mwisho, nitalisema siku ya sura ya mwisho. Ujinga ulioje! Tangu hapo akawa anasoma kurasa tatu tu kwa siku, ili kitabu kisiishe haraka, huku akipanga kumalizia Jumamosi ya kwanza baada ya mavuno ya jirani yake, kabla mwanawe hajaja kumchukua.

Mama Fabiani akavuna. Mpunga wa Eustace ulikuwa wa mbegu ya muda mrefu, kwa hiyo yeye aliendelea kulinda. Alhamisi, kabla ya ile Jumamosi, akasikia lori. Fabiani alikuwa amepata gari la kurudi Sumbawanga siku hiyo hiyo.

Mama Fabiani akaja mpaka chini ya dungu, amevaa kitenge cha safari.

"Ninaondoka, Baba Verdiana. Una neno la kuniambia?"

"Ninalo," akasema. "Lakini ni la mwisho wa kitabu. Nikikwambia sasa, utamu utaisha. Ukirudi nitakusomea."

Alidhani anatega. Alidhani mtu akiachwa na hamu lazima atarudi, kama yeye alivyokirudia kitabu kila asubuhi.

"Haya," Mama Fabiani akasema. "Kaa na kitabu chako." Na lori likaondoka.

Jumamosi Eustace alisoma sura ya mwisho kwa sauti, ameelekea ng'ambo ya tuta. Muuaji alikuwa mfagiaji wa ofisi. Yote yalielezwa kwa kurasa mbili, ufunguo, dirisha, kila kitu. Karani hakuzikwa. Eustace akafunga kitabu, akasimama, na kwa sauti ile ile ya Jumapili akasema:

"Mama Fabiani, nyumba yangu ina vyumba viwili. Naomba uje tukae wote."

Ndege waliokuwa wametua juu ya dungu tupu la Mama Fabiani wakaruka. Eustace akabaki amesimama, anangoja kuitikiwa.