Kopo la Kocha Nililolimwaga Mtoni

Nilikosa. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana mdomo wangu naujua, ukishika njia hauna breki. Nilimwita mchawi mtu aliyenipa kazi, nikasambaza maneno, halafu nikachukua kitu chake nikakimwaga. Kitu chenyewe hakiuzwi dukani, jamani. Hata ningeuza nyumba ya marehemu baba kule Ujiji nisingeweza kumrudishia.

Nisikilize, usinikatize.

Mimi ni mtu wa Kigoma, Mwisho wa Reli. Kwetu nilicheza beki namba tatu, timu ya wilaya. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa London, naishi Lewisham, nasafisha vyoo kwenye uwanja wa timu moja ndogo, zile ligi za chini kabisa ambako watazamaji wanajuana kwa majina.

Kocha alikuwa Mskoti. Nitamwita Mac, ingawa si jina lake. Siku moja alinikuta nimeegemea fagio napayuka kwa Kiswahili, "Mkabe! Mkabe huyo, mbona unamwacha!" Wachezaji wananishangaa. Mac akacheka mpaka akakohoa, akasema mtu mwenye kelele kama wewe hawezi kuachwa chooni. Basi nikawa mtunza vifaa: jezi, mipira, chai ya mapumziko. Ndiye aliyenitoa kwenye vyoo, na mtu huyo nikaja kumlipa ninavyokwenda kukuambia.

Kwenye chai alikuwa ananisimulia maisha yake. Baba yake mchimba makaa ya mawe huko Scotland. Yeye alisajiliwa na timu ya mji wao angali kijana mdogo, na hapohapo uwanjani akampata mkewe, aliyekuwa anauza chai na mikate ya nyama kwenye kidirisha. Wakashuka kusini wote wawili. Akacheza timu mbili kaskazini mwa Uingereza, akaja London akacheza ligi ya juu, mpaka goti likakataa. Ndipo akageukia ukocha. "Kila uwanja niliocheza," alikuwa akisema, "yeye alikuwepo kwenye baridi, nyuma ya goli." Kiingereza chake utadhani anatafuna mua, lakini hilo nililielewa.

Na mimi nikamfundisha neno moja la Kiswahili. Pole. Mchezaji akiumia tu, Mac anapiga kelele kule pembeni, "Pole!" Watu wanacheka.

Basi, mkewe akafariki. Saratani. Mac mwenyewe aliniambia siku ya ibada ya kumuaga na mahali. Sikwenda! Nilisema nina shifti nyingine, na kweli nilikuwa nayo, lakini ningeomba ruhusa ningepewa. Nilijisemea wazungu hawapendi watu kujazana misibani.

Wiki haijaisha, namwona Mac uwanjani, filimbi mdomoni. Ebo! Hakuna matanga, hakuna mkeka, hakuna hata shangazi mmoja wa kukaa naye. Uso mkavu, chozi hakuna.

Nikamwuliza mke wangu, Mama Zuhura, ambaye anatunza wazee kwenye makao yao, "Hivi mtu kafiwa na mke anafundisha kona?"

"Wazee wa kule kazini wakifiwa wanakwenda bustanini kung'oa magugu," akasema. "Ndivyo walivyo. Wewe ulimpa pole?"

"Nitampa."

Sikumpa. Nilianza kumchunguza.

Timu iliyokuwa inagawa pointi kama sadaka ikaanza kushinda. Tukashinda, tukashinda tena. Sasa mimi mtu wa soka la kwetu ulitaka nifikirie nini? Kwetu timu ina kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe hauhusiani na mpira, ni wa kwa mganga. Nimewahi kuruka ukuta na wenzangu kuingia uwanjani kwa sababu lango kuu eti limetegwa. Nimewahi kuingia kinyumenyume. Nimewahi kupakwa mafuta ambayo mpaka leo sijui yalitoka kwa mnyama gani. Alama zote nazijua!

Na alama nikaziona. Mac akaanza kufika kabla yangu siku za mechi. Mlango wa mbele hapiti, anazunguka nyuma, kwenye geti la mashine ya kukatia nyasi. Nikamvizia kwenye dirisha la stoo. Alikwenda moja kwa moja golini, akainama, akatoa kitu mfukoni, akanyunyiza huku midomo inachezacheza. Kisha akapapasa nyasi kwa kiganja.

Nikalitafuta nikalipata. Lilikuwa kabatini mwake, kopo la biskuti lenye picha ya mbwa. Ndani kuna mfuko, na ndani ya mfuko unga wa kijivu wenye chembechembe kama changarawe. Wallahi dawa za waganga nimeziona nyingi, lakini hiyo sikuwahi kuiona.

Hapo nikaunganisha mambo yote kichwani. Mke kafa, mume halii, timu inashinda, unga golini. Kafara! Mac kamtoa mkewe!

Nilimwambia rafiki yangu Papa Bahati, Mkongo wa Uvira, msafisha mabasi na mtu wa maombi sana. Akashika kichwa. "Ndugu, ile ni kitu ya giza," akasema. "Usiiguse na mukono. Uende uitupe ku mayi yenye kutembea." Yaani mtoni.

Mama Zuhura aliposikia akaweka mwiko chini. "Wewe bwana ungekuwa polisi ungekamata hata kivuli chako. Si umwulize mwenyewe?"

"Mchawi haulizwi!"

"Basi na kazi utaisikia redioni," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Sikusikia. Nikawanong'oneza wachezaji. Kipa wetu akaogopa kabisa, ikawa hataki kukanyaga katikati ya goli lake mwenyewe, anasimama kando kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Tukafungwa bao la kijinga. Mac akamfokea, hajui kisa ni nini. Mimi nilikuwa pale na chupa za maji nimeinamisha kichwa, kimoyomoyo nasema umeanza kuumbuka.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Jumamosi, kwetu. Kabla ya kuanza Mac akaniambia, "Jumatatu naenda nyumbani Scotland. Kuna jambo la kumalizia." Haa! Nikajua anakwenda kuongeza dozi.

Kipindi cha pili, watu wote wako nje, nikavaa glavu za chooni, nikatia kopo kwenye mfuko wa plastiki, nikapanda basi, vituo viwili tu. Pale Lewisham karibu na stesheni kuna kamto, kembamba, kanapita kwenye zege. Nikasimama, nikasoma Ayatul Kursi, nikaugeuza ule mfuko wa unga. Kijivu kile kilielea kidogo, kikaenda.

Unajua nilifanya nini tena? Kopo sikulitupa. Nililisuuza vizuri, nikalirudisha kabatini likiwa tupu, ili ajue kakutana na mwanaume. Nikatembea kifua mbele!

Nilipoingia chumba cha kubadilishia nguo baada ya mechi, wachezaji walikuwa wameshaondoka. Mac amekaa kwenye benchi, kopo liko magotini, kifuniko wazi.

"Umeona aliyegusa hili?"

"Nimeligusa mimi," nikasema, na sauti nikaipandisha. "Uchawi wako umekwisha."

"Uchawi gani?"

Nikamwaga yote. Golini, geti la nyuma, msiba usio na kilio. Nilipomaliza akasema taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, "Huyo ni mke wangu."

Jamani! Walimchoma. Mwenyewe aliomba achomwe, na majivu yake mumewe ayagawe kidogo kidogo kwenye kila uwanja waliopita pamoja. Nilijua Wahindi wanachoma maiti zao, tangu Kigoma najua. Mzungu Mkristo, sikujua! Geti la nyuma? Mlango wa mbele una ngazi, na miezi ya mwisho mama wa watu alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mumewe anamsukuma kupitia huko aje kutazama mazoezi. Zamu zile mimi nilikuwa kwenye kazi yangu ya pili, sikuwahi kumwona.

"Yaliyobaki yalikuwa ya nyumbani," Mac akasema. "Ya pale kidirishani alipokuwa anauza chai. Nilimwahidi."

Nilitamani anipige. Angenipiga ningeshukuru. Badala yake akasimama, akachukua kofia yake. "Nipeleke."

Tulipanda basi, yeye na suti ya michezo ya timu, mimi na glavu bado mfukoni. Pale mtoni maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, na toroli la supamaketi limelala ubavu, limeshikwa na matakataka. Mac akavua kofia. Akatazama maji, akatazama toroli.

"Hakuwahi kupenda Lewisham," akasema.

Ndipo akalia. Yale machozi niliyokuwa nayadai kama ushahidi, yakaja yote, na watu wanapita na mifuko yao ya sokoni wanatukodolea macho. Nikataka kumwambia pole. Badala ya neno hilo nililomfundisha mimi mwenyewe, nikaishia kumshikia kofia.

Jumatatu alikwenda Scotland na kopo tupu kwapani. Hakurudi. Nilisikia amepewa vijana wa timu ileile ya kwao awafundishe. Kocha mpya alikuja na mtunza vifaa wake, mimi nikarudi kwenye vyoo. Sikulalamika, ningelalamika kwa mdomo gani? Mama Zuhura alisema, "Mtu kafiwa, wewe ukamvizia dirishani." Kauli hiyo naibeba hadi leo, na nywele zimeshaota mvi.

Wewe unayesoma, nakuomba. Jirani yako akifiwa usipime machozi yake. Nenda ukakae naye, hata kama hakuna mkeka, hata kama chai yao haina sukari wala tangawizi. Mpe pole yake, kisha mwulize mmempumzisha wapi. Mimi swali hilo dogo lilinishinda. Leo mtu akiniuliza mke wa Mac amelala wapi, anayejua jibu ni mimi, kwa sababu nilimlaza mwenyewe, mtoni Lewisham, kando ya toroli bovu.