Prizi Niliyompa Mama wa Chama

Munisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi, mimi niliishia shule ya msingi na mkono wangu ni mzito. Tena hii habari ni ya aibu, na mtu akiandika aibu yake mkono unazidi kuwa mzito.

Ilikuwa katika kiwanda cha sabuni, hapa kwetu Kisangani. Mimi nilikuwa mfagiaji, si mwenye kazi kamili, ila Tonton Ramazani, mdogo wa baba yangu, alikuwa fundi pale na alikuwa amekwenda kwa mkurugenzi kusema, “Huyu ni mutoto wangu, anasikia, mumuandike kazi.” Mkurugenzi alijibu kwamba sherehe ikiisha vizuri ataniandika.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kuamsha mashine. Mashine ya kukata sabuni ilikuwa imelala miezi, kwa sababu kisanduku kinachoiamuru (kiko ndani ya kabati ya umeme, wenyewe wanakiita automate) kilikuwa kimesahau kazi yake yote. Basi injinia akaletwa kwa ndege kutoka Kinshasa, na kompyuta ya kubeba, inayofunguka kama valizi ya safari, na disketi moja yenye maagizo yote ya mashine. Akafunga waya kati ya kompyuta na kisanduku, akabonyeza bonyeza (kila mara anamalizia na kile kitufe kikubwa cha pembeni, mimi niliona nikishika ufagio), na kwenye kioo mstari ukaanza kurefuka polepole, maagizo yakiingia. Mara wakamwita uwanjani apange foleni ya kupokea wakubwa wa mkoa. Akaniambia, “Petit, linda hapa. Usiguse kitu.”

“Ndiyo, papa.”

Hakuwa hata amefika mbali na mlango, akaingia mama kiongozi wa wacheza ngoma wa chama cha serikali, kitenge chenye picha ya Rais, jasho usoni, mkononi kipaza sauti na waya wa umeme wa spika za uwanjani.

“Leki, prizi ya umeme iko wapi?”

Nikamuonyesha ukutani. Ilikuwa moja tu, na kompyuta ilikuwa imeishika.

“Bon, toa hiyo.”

“Mama, injinia amesema...”

“Injinia! Wakubwa wako kwa lango, watu watacheza bila muziki? Unataka niseme ni nani alikataza wimbo wa chama? Noki noki, haraka!”

Ninyi mungefanya nini? Mimi, mtu akinipandishia sauti, mdomo wangu unajifunga wenyewe, basi nilichomoa waya wa kompyuta kwa mkono wangu mwenyewe, kioo kikazimika tii, nikachomeka wa mama, na uwanjani wakaanza kuimba. Kipaza sauti chenyewe mama alikiacha juu ya kabati kwanza, akakimbia kupanga watu wake.

Hapo bado ningeweza kwenda kumwita injinia. Lakini kupita mbele ya wakubwa na ufagio! Nikatafuta, nikaona prizi nyingine nyuma ya magunia ya soda ya kutengenezea sabuni, nikavuta kompyuta mpaka pale waya zilipofika, ikawaka, ikaniuliza kitu kwa Kifaransa. Mistari miwili ya kuchagua, mshale kwenye mmoja. Nilianza kusoma, neno kwa neno, na nje nasikia makofi, basi nikaacha kusoma nikabonyeza kile kitufe kikubwa. Mstari ukaanza tena kurefuka, tena mbio kuliko mwanzo, na mimi (mpumbavu) nikafurahi.

Waliingia wote, wakubwa na suti zao za abacost, mkurugenzi, Tonton Ramazani katika ovaroli iliyofuliwa. Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kijani. Kimya. Akabonyeza tena. Mama wa chama akaanzisha makofi, yakafa yenyewe.

Injinia alitazama kioo, akatazama kompyuta nyuma ya magunia. “Nani amegusa?”

Nilisogea karibu na kabati ili wengine wasisikie, nikanong'ona, “Ni mimi, papa. Nilitoa prizi, halafu nikabonyeza bila kusoma.”

Kumbe kipaza sauti kilikuwa pale pale kwenye kidevu changu, na ni mimi niliyekuwa nimekipa umeme. Maneno yangu yalitoka uwanjani kwa sauti kama ya radio, mpaka wauza mihogo nje ya ukuta wakacheka.

Injinia hakucheka. “Kisanduku hakikujua kitu, na wewe umekifanya kifundishe kompyuta. Sasa zote mbili hazijui kitu, na disketi iliyo ndani nayo imefutika.” Nakala nyingine ilikuwa Kinshasa.

Sikuandikwa kazi. Mtaani watoto wananiita Citoyen Prizi, yaani Mwananchi Prizi, hilo nimezoea. Nisilozoea ni Tonton, ambaye siku ile hakunigombeza, alisukuma baiskeli yake bila kuipanda mpaka nyumbani, akamwambia mama yangu, “Nilisema anasikia. Kweli anasikia. Anasikia kila mutu.” Tangu hapo hajanituma hata maji.

Nimeapa: mtu akinipandishia sauti tena nitamjibu, “Ngoja kwanza, niulize.” Ninalifanyia mazoezi peke yangu, mdomo bado unajifunga njiani.

Kama na wewe uliwahi kusema ndiyo wakati moyo unakataa, tafadhali niandikie. Mimi nasoma polepole, lakini sasa nasoma mpaka neno la mwisho kabla sijajibu.