Mapendo wa Matiliku, Aliyekosa Chanjo

Alizaliwa mwaka wa 1979 karibu na Bukavu, Kongo, akabatizwa Mapendo Nabintu. Vita vilimfukuza kwao, akafika Matiliku, Kenya, mwaka wa 2009 na cherehani moja, bila jamaa. Alipopimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI, alisimama kanisani akasema wazi, ili wageni wenzake waache kumeza dawa kwa kujificha. Tangu hapo hakupumzika. Aliwasindikiza Wakongo na Warundi kliniki, akavuka mto Athi mpaka Kanyangi, na aliyekataa dawa alikaa naye mpaka ameze.

Machi 2022 muuguzi Mbithe alileta kanisani chanjo ya pepopunda. Alitufundisha vizuri: chanjo ya utotoni huisha nguvu, na kwa anayeishi na virusi huweza kuisha mapema zaidi. Lakini orodha ya watakaochanjwa tulikuwa tumeiandika kwa vijiji, vile tunavyogawa zamu za mwethya, kazi yetu ya pamoja mashambani, na wageni hawakuwa na kijiji. Mapendo alipofika mbele, katibu wa kanisa alimwambia, "Mama, jina lako haliko. Na si ulidungwa huko kwenu?"

"Haina neno, Katibu," akajibu. "Lakini wenzangu je?"

"Tutaona siku nyingine."

Katibu huyo ni mimi, Kimeu. Dozi sita zilirudi kliniki siku hiyo ndani ya kasha la barafu.

Oktoba, mwethya ikichimba mitaro katika shamba la mjane Ndululu, mwiba ulimchoma Mapendo mguuni. Aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akaendelea kuchimba. Siku ya tisa taya lilikakamaa: pepopunda. Hospitalini hakuweza kula wala kusema. Nilimshika mkono nikamwomba msamaha, naye akaubana wangu kwa nguvu. Sijui kama alinisamehe au ni ule ugonjwa tu.

Alilala tarehe 2 Novemba. Waumini husimulia kwamba mgonjwa wa Kanyangi, aliyekuwa ameacha dawa miaka miwili, alizirudia siku ya mazishi. Sibishi. Ajabu niliyoiona mimi ni kwamba Mbithe aliporudi na chanjo, wageni walikuja wote, wakanisalimia.

Ndugu, ukitaka kumwiga Mapendo, usianze na kufunga. Muulize mgeni aliye jirani yako alichanjwa lini, umpeleke wiki hii. Mimi nilikuwa na miezi saba ya kumpeleka Mapendo.